Grisi ya Mwenye Kurudi

Buffalo, 12 Oktoba 2024

Elie mwanangu,

Nimeona picha za wajukuu ulizotuma kwenye simu ya Mchungaji Rudasingwa. Wao wamenenepa na wewe umekonda, donc najua nani anakula na nani anafanya kazi. Msalimie Gentille, mwambie baba mkwe wake bado anapanda ngazi zake mwenyewe, ila kwa kupumzika katikati. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu masikio yangu na simu haviwezani, na vidole vyangu vikibonyeza herufi moja zinatoka tatu.

Nina jambo la kukueleza. Ulisome peke yako.

Mwezi wa nane kanisa liliwapeleka vijana kuona meli. Wakaniambia, Mzee Birindwa, njoo ukae mbele kwenye basi uwatulize. Nilidhani ni meli ya kubeba ngano, maana kule mtoni kuna maghala makubwa ya nafaka yaliyoachwa. Nikashuka, nikaona manowari. Ni ndogo, ya vita vya pili vya dunia, imefungwa kwa kamba, rangi imepauka, ubavu umeliwa na kutu hadi usawa wa maji. Wanaoitunza ni wazee wa hapa, wastaafu kama kumi hivi, wana brashi na chupa ya kahawa, basi. Mmoja mwenye kofia alitueleza kwamba vita vilipoisha dada wote wa meli hii walikatwa vyuma, wengine wakazamishwa kwa makusudi ili kujaribu mabomu, wengine wakapewa nchi rafiki. Hii ilibaki kwa sababu karani mmoja alisahau kusaini karatasi yake.

Vijana walibaki juu wakipiga picha kwenye mizinga. Mimi nilishuka chini. Hakuna aliyenionyesha njia, Elie, miguu iliijua yenyewe. Nilipofika chumba cha mashine, harufu ya mafuta ya zamani ikanipata, nikakaa sakafuni nikalia. Sikuwa nimelia tangu Kigoma.

Yule mwenye kofia akanikuta hapo. Akanipa kitambaa, nikadhani ni cha kufutia macho, kumbe alitaka nishike vali iliyokwama. Niliifungua. Tangu siku hiyo naenda kila Jumanne na Alhamisi kukwangua kutu. Kiingereza changu ni kidogo na chao sikisikii, tunaelewana kwa spana.

Nimewachorea habari ya Liemba, ile meli tuliyokuwa tunaiona Kigoma. Hawakuamini kwamba ilikuwa manowari ya Wajerumani kwenye ziwa letu, na kwamba vita vilipowaelemea waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene kila mahali. Ilikaa chini ya maji miaka minane. Waingereza walipoiinua, mashine zilikuwa bado zinafaa, na hadi tunaondoka kule watu walikuwa bado wanaipanda. Mwalimu wetu pale Kalemie alikuwa anatufundisha hivi: kuna namna mbili za kuiacha meli. Kama hurudi, vunja mashine kwa nyundo adui asizipate. Kama unarudi, paka grisi.

Mdogo wako Chimène anajaza fomu zangu za uraia. Anajua baba yake alikuwa fundi baiskeli. Tumwache hivyo. Usimwambie habari ya manowari.

Ni mimi baba yako,
Birindwa


Louisville, 27 Oktoba 2024

Papa,

Gentille anakusalimu, na watoto wanauliza utakuja lini huku kwetu Beechmont kula samaki. Barua yako niliisoma ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala, kabla ya zamu. Nimeisoma mara mbili, halafu nimeiweka chini ya mkeka wa gari. Itakaa huko.

Papa, usiende tena.

Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka yote. Nakumbuka kofia yako nyeupe ya jeshi la maji na vile ulivyoichoma nyuma ya jiko siku ya pili tulipofika Kigoma. Nakumbuka ulivyonifundisha. Baba yako ni nani? Fundi baiskeli. Alifanya kazi wapi? Sokoni Uvira. Ungeniamsha usingizini ningejibu hivyo hivyo. Unawajua wale wa kambi ya wakimbizi waliosema mbele ya wahoji kwamba walikuwa askari wa serikali ya zamani. Majina yao yalirudi chini ya rundo na hayakupanda tena. Sisi tulisema baiskeli, na bado tulingoja miaka kumi na minane kuletwa nchi hii.

Chimène alikuwa na miaka sita. Ulisema ni mdogo mno kubeba jambo hili. Sasa ana thelathini na tatu na hatujampa bado, na yeye ndiye anayesaini chini ya fomu kwamba amekusaidia kuandika ukweli.

Apa kwanza kiapo cha uraia. Ukishaapa, kakwangue kutu hadi uchoke, mimi mwenyewe nitakuja kushika ndoo. Kabla ya hapo wewe ni fundi baiskeli.

Hao wazee wana kamera?

Mwanao,
Elie


Columbus, 3 Februari 2025

Papa mpenzi,

Nakutumia nakala ya fomu yako. Isome yote, usifanye kama ile karatasi ya bima uliyosaini mahali pa daktari. Miadi ya mahojiano ya uraia ni tarehe 20 Machi, saa tatu asubuhi. Vaa koti la harusi ya Elie. Usivae lile lenye chapa ya timu ya mpira, hata kama lina joto.

Nimeomba mkalimani, na nimeomba akuandikie maswali kwa herufi kubwa. Kwenye masikio nimeandika ni kwinini uliyochomwa kambini, kama ulivyomwambia daktari. Kwenye kazi nimeandika fundi baiskeli, halafu usafi hospitalini. Kuna ukurasa mzima wa askari: jeshi, polisi, wanamgambo, umewahi kushika silaha, umewahi kuwa kwenye kikosi. Nimeweka hapana, hapana, hapana, nikacheka peke yangu jikoni kwa bibi ninayemlea. Wangeuliza kama uliwahi kumzibia luteni pancha, hapo ningesema ndiyo.

Mahali pa Mama nimeandika amefariki, 1999. Hakukuwa na nafasi ya kuandika kwamba alituacha kwanza.

Najua hupendi niseme hivyo. Lakini mimi nina mtoto, Papa, na naweza kumwacha shuleni tu. Sijui mwanamke anapandaje meli na mtoto mmoja akawaacha wawili gatini.

Basi. Soma, saini, rudisha. Siku zenyewe unaziona zilivyo, hapa Columbus watu wetu wanatembea na karatasi zao mfukoni hata wakienda kununua unga. Ukishaapa nitalala vizuri.

Binti yako,
Chimène

Mchungaji anasema suruali zako siku hizi zina mafuta. Unafanya nini?


Buffalo, 15 Februari 2025

Chimène binti yangu,

Nimesaini palipotakiwa. Theluji imefika dirishani, lakini jirani ananiletea mkate na maharage kutoka Grant Street, sikosi kitu.

Mafuta ni ya cherehani. Wakati wa joto nilipita Kenmore, mzungu mmoja alikuwa anauza vitu vya marehemu mama yake mbele ya nyumba. Nikaona cherehani ya chuma, nyeusi, nzito, ya mkono, sawa na ile ya mama yako kule nyumbani. Ilikuwa imekwama kabisa. Nimeifungua yote, nimeisafisha kipande kwa kipande, sasa inazunguka bila kelele, wananiambia. Nimekuwekea wewe. Njoo uichukue.

Juu ya mama yako usiandike maneno yale, hata kwenye barua.

Baba yako,
Birindwa


Columbus, 6 Machi 2025

Yaya Elie,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikupigia nitakutukana, na wewe ni kaka yangu mkubwa.

Wakili wa kanisa aliniambia nitafute jina la Papa kwenye mtandao, nione watakachokiona wao. Nikatafuta. Kuna klabu ya wapenzi wa manowari moja ya zamani huko Buffalo, wana gazeti lao dogo. Ukurasa wa tatu kuna picha ya Papa. Ameshika spana, anacheka meno yote nje. Mimi sijawahi kumwona akicheka hivyo. Chini wameandika kwamba Bwana Birindwa alitumikia miaka ishirini katika jeshi la maji la nchi yake, kama fundi wa mashine, na kwamba wanajivunia kuwa na baharia mwenzao.

Nimewaandikia waiondoe. Wameiondoa siku hiyo hiyo na wameomba radhi, hawajui wanaomba radhi ya nini.

Nilipoiona sikuwaza fomu. Nilikuwaza wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Ulijua, na ukaniacha miaka yote hii niwaambie watu habari za baiskeli.

Chimène


Columbus, 7 Machi 2025

Papa,

Nimeona picha yako na spana.

Wazungu kumi usiojua hata majina yao wamejua baba yangu ni nani kabla yangu. Wao umewachorea. Mimi nimejaza kila fomu yako tangu siku tulipotua nchi hii, ya nyumba, ya hospitali, ya chakula, ya uraia, na kila mahali nimeandika maneno uliyonipa, nikasaini jina langu chini. Sasa sijui ni lipi katika hayo ni kweli. Sijui kama masikio ni kwinini. Sijui kama Mama alipanda ile meli kama ulivyosema alipanda. Siku zote nikikuuliza juu yake unaniambia ziwa lilikuwa tulivu.

Nimechoka kuandika uongo wa mtu mwingine kwa mwandiko wangu. Mara moja tu katika maisha yako, Papa, ukiulizwa, jibu kama ilivyokuwa. Kama huwezi, usiniandikie tena.

Chimène


Louisville, 12 Machi 2025

Mdogo wangu,

Umefunga simu, basi nami nimeshika kalamu. Una haki ya kunikasirikia, mwaka mzima ukitaka. Lakini ikasirikie picha baada ya tarehe ishirini. Picha imeondolewa. Neno lake mbele ya ofisa haliondoki.

Mpigie Mchungaji, mwambie amwandikie Papa kwenye karatasi kwamba unampenda na kwamba aseme hapana. Mimi nimemwandikia jana, ila akikuona wewe umekasirika hasikii mtu mwingine. Na tangu lini anasikia.

Elie


Buffalo, 21 Machi 2025

Chimène binti yangu,

Uliniambia nikiulizwa nijibu kama ilivyokuwa. Nimejibu.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, ana kikohozi. Mkalimani alikuwa Mtanzania wa Mwanza, akaniandikia maswali kwa herufi kubwa kama ulivyoomba. Tulienda vizuri, jina, mahali, watoto. Alipofika kwenye maswali ya askari akawa anapita haraka, maana majibu alikuwa nayo mbele yake. Nikamshika mkalimani mkono, nikasema ndiyo. Akaniambia kwa kunitazama usoni, "Mzee, swali umelielewa?" Nikasema leo nimelielewa. Nikawaeleza miaka ishirini, chumba cha mashine, boti ya doria, Kalemie. Masikio pia nikawaambia, si kwinini, ni mashine. Ofisa akaacha kuandika. Akauliza kama kuna mtu niliyemuua. Nikasema sijui, mimi nilikuwa chini, waliokuwa juu ndio walioona. Hilo pia ni kweli. Akafunga faili, akasema nitapata barua.

Bon. Sasa la mama yako, maana najua ndilo lililo chini ya yote.

Mwezi wa pili 1997 vita vilifika Kalemie. Amri ilikuwa nivunje mashine kwa nyundo, nifungue maji, boti izame. Sikuvunja. Nilipaka grisi saa mbili nzima, watu wakinipigia kelele kutoka juu, halafu nikafungua maji. Nilimwambia mama yako Angelika tutarudi kabla ya mahindi kukomaa. Tukavuka hadi Kigoma, mdogo wako Cikuru mgongoni kwake, wewe mapajani kwangu.

Mwaka ule ule ikasemwa vita vimeisha, na Liemba ikaanza kuwarudisha watu Uvira. Mama yake alikuwa mgonjwa huko. Akaniambia, "Papa Elie, twende kwetu. Vita imeisha, banasamehe bote." Lakini mimi nilikuwa nimesikia habari za gati la Uvira. Wanaume walikuwa wanatolewa kwenye mstari. Fundi mwenzangu alipanda safari ya kwanza na mkewe, na mkewe akarudi Kigoma peke yake.

Ningemweleza hivyo, angebaki, na mama yake angekufa bila kumwona. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa na aibu. Sikutaka mke wangu anione ninaogopa gati. Nikamwambia, "Tangulia na mudogo. Miye na hawa babili tutakuya na safari ya pili." Nikasema wewe una homa huwezi kusafiri. Akakushika paji la uso, akasema, "Huyu mutoto hana homa." Nikamwambia imeshuka asubuhi hii. Akaniamini, akapanda. Alisimama ubavuni mwa meli akakuita jina lako mpaka ikageuka. Wewe ulikuwa unakula muwa. Ulimpungia mkono.

Safari ya pili ikaja, na ya tatu, na ya kumi. Wafanyabiashara waliotoka Uvira wakaniambia, mke wako anakuja gatini kila Liemba ikifika. Anasimama na mtoto mpaka mtu wa mwisho ashuke, ndipo anaenda. Sikumwandikia. Ningemwandikia nini? Mwaka uliofuata vita vilianza upya na njia ikafungwa. Habari ilinifikia 1999, yeye na Cikuru, kipindupindu, wiki moja.

Hakukuacha, Chimène. Mimi ndiye niliyemwambia nakuja. Nilikuacha umchukie miaka ishirini na minane kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukueleza. Mara nyingi ulipomsema vibaya niliinuka nikaenda kutengeneza kitu.

Cherehani bado iko hapa.

Baba yako,
Birindwa


Buffalo, 27 Aprili 2025

Chimène,

Simu hupokei, ujumbe husomi, basi soma hii. Niko Buffalo nyumbani kwa Papa, na Papa hayupo.

Ile barua ya uhamiaji ilimfikia katikati ya mwezi. Aripoti tarehe 22, saa mbili asubuhi. Hakuniambia. Alimwomba Mchungaji Rudasingwa ampeleke, akavaa koti la harusi yangu, akabeba Biblia ndogo na soksi jozi mbili. Mchungaji alimngoja kwenye maegesho hadi saa kumi jioni. Hakutoka. Wamempeleka mahali wanapozuiliwa watu, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Wakili anasema kesi itachukua miezi, na hakuniahidi kitu. Anasema majina yakiitwa Papa hasikii, anaendelea kukaa, hadi mtu amguse bega.

Barua yako ya Machi nimeikuta kwenye Biblia kubwa. Imekunjwa mara nyingi hadi imeanza kukatika. Najua hukumaanisha hivyo. Naandika hili kwanza ili usije ukafikiri nimekuja kukuhukumu, mimi niliyemfundisha kila mtu kusema baiskeli.

Nikueleze nilivyokuta nyumba. Nilipofungua mlango ufunguo uliteleza. Kitasa kina grisi, bawaba zina grisi. Ndani kila cha chuma kimepakwa: visu, mkasi, sufuria nzito, tochi, spana zake zote moja moja, zimefungwa kwa mifuko ya plastiki ya maduka ya Grant Street na kupangwa kwa ukubwa. Hata nyundo ameipaka. Cherehani iko katikati ya meza, grisi nene kiasi kwamba maandishi yake hayaonekani, na juu yake ametandika shuka safi. Nadhani amekueleza maana yake. Kama hajakueleza, barua yake ya Oktoba nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Kesho narudi Louisville, ghala limenipa siku tatu tu. Ufunguo nimemwachia Mchungaji.

Elie


Buffalo, 24 Mei 2025

Papa,

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu sijui kama wamekuachia miwani.

Niko nyumbani kwako tangu tarehe nne. Bibi niliyekuwa namlea amepewa mtu mwingine, na mtoto yuko na baba yake hadi shule ifungwe. Jirani ananiletea mkate na maharage kama alivyokuwa anakuletea. Anauliza utarudi lini, namwambia hivi karibuni.

Barua yako ya tarehe 21 Machi ilikaa kwenye droo yangu wiki tano bila kufunguliwa. Nilikuwa nimekuambia usiniandikie, na nilitaka ujue kwamba nami naweza kunyamaza. Niliifungua baada ya kusoma ya Elie, nimesimama, na chakula jikoni kikaungua. Ningeifungua ilipofika ningekuja siku hiyo hiyo. Ningekaa nawe ukiisubiri barua yao. Hilo ni langu, usijaribu kulichukua.

Na nilipokuandikia ujibu kama ilivyokuwa, nilitaka unijibu mimi. Yule ofisa hata sikumfikiria. Nilikuwa nimepanga kuja wikendi baada ya miadi, tukae mezani, nikuulize juu ya Mama nawe uniambie. Hayo tu. Nilikuwa na hasira, sikuandika vizuri, nawe ukatii.

Nimeanza kulitaja jina lake. Angelika. Nalisema nikiosha vyombo. Nimemwomba radhi, kwa sauti, jirani akadhani nazungumza na simu. Ule muwa naukumbuka, Papa. Kumpungia mkono sikumbuki, na nimejaribu.

Jumanne waliivuta manowari yako. Maji yameingia chini na wazee hawawezi kuitengeneza pale. Wengine wanasema inaenda kutengenezwa, wengine wanasema inaenda kukatwa vyuma, na hata mwenye kofia hajui, au anajua hataki kusema. Siku moja kabla alinishusha hadi chumba cha mashine. Mashine zile hazijazunguka tangu kabla sijazaliwa, nawe umezipaka zote, hadi kwenye pembe ambazo mkono wa mtu mzima haupiti. Anasema walikucheka kidogo. Nilipomwambia uko wapi alivua kofia, akasema ile picha aliiweka kwa heshima. Nikamwambia najua. Alinipa glavu zako. Meli ilipita chini ya daraja pole pole, ubavu mmoja umelala, nikaiangalia hadi maghala yakaificha.

Elie anataka niifute cherehani nianze kushona, anasema mikono ikiwa na kazi moyo unatulia. Nimefuta kitasa na bawaba kwa sababu lazima niingie na kutoka. Nimefuta kisu kimoja na sufuria. Cherehani sijaigusa, na nyundo nimeiacha kwenye mfuko wake.

Wakili anasema wakimwachia mtu wanamleta kwa gari lao, Ijumaa alasiri, pamoja na wengine, hadi kituo cha mabasi hapa mjini. Hawapigi simu kwanza na hawatoi orodha. Hajasema kwamba wewe utaachiwa. Amesema tu kwamba ndivyo inavyokuwa. Nilikwenda Ijumaa ya tarehe 16, na jana nimekwenda tena. Nasimama karibu na mlango, mahali utakaponiona, kwa sababu nikikuita hutasikia. Nabaki pale mpaka mtu wa mwisho ashuke.

Binti yako,
Chimène